Ukuta wa Bukama: pambo la nyumba lilivyoingia makumbusho

Mwaka 1926 ofisa mmoja wa serikali ya kikoloni ya Ubelgiji, Georges Thiry, alikuwa Bukama, mkoani Katanga, Kongo, akaona nyumba za udongo zilizochorwa kuta zake. Mchoraji alikuwa Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za ndovu. Thiry akampa karatasi na rangi za maji ili achore humo. Miaka mitatu baadaye karatasi hizo zilitundikwa Brussels, ndani ya Palais des Beaux-Arts, jumba la sanaa lililokuwa limefunguliwa mwaka mmoja tu kabla. Mwaka 1930 zikaonyeshwa Geneva na Paris.

Kisa chenyewe ni kifupi, lakini kimebeba jambo zito. Uchoraji uliokuwa pambo la nyumba ulihesabiwa, ndani ya miaka mitatu, kuwa sanaa ya kutundikwa peke yake, ya kuandikiwa maelezo, yenye jina la mtu chini yake. Mkono ulikuwa uleule na mtu alikuwa yuleyule. Kwa hiyo tukitaka kujua pambo linageukaje sanaa, hapa tunaweza kutazama kilichobadilika na kilichobaki bila kuchanganyikiwa.

Kwanza mahali. Bukama haikuwa kijiji kilichojificha. Reli kutoka Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, ilifika hapo mwaka 1918, na ni hapo mto Lualaba unapoanza kupitika kwa meli kuelekea kaskazini. Mwaka Thiry alipofika, mafundi na vibarua walikuwa bado wanajenga njia ya reli kutoka Bukama hadi Ilebo kule Kasai, iliyokuja kukamilika mwaka 1928. Watu wa lugha nyingi walikutana pale, na Kiswahili ndicho kilichokuwa kikikua kuwa lugha ya kazi katika migodi na miji ya Katanga. Yeyote anayemchora Lubaki kama mtu wa porini aliyeshangaa kuona karatasi anajidanganya. Ni mtu wa mji wa reli na bandari, na fundi wa pembe alikuwa na wateja wa namna zote.

Sasa tuutazame ukuta. Nyumba ya udongo hukandikwa, ikakauka, ikapakwa tabaka laini, na juu yake hupita udongo mweupe, udongo mwekundu, mkaa. Anayechora anafuata umbo la nyumba: mlango uko wapi, kona inapinda wapi, paa linashuka hadi wapi, mvua inarushia upande gani. Mnyama anaweza kuanzia karibu na kizingiti na mkia wake ukazunguka kona. Ukuta hauna fremu, na hauuziki bila nyumba yake. Na una umri wake: masika yakipita, udongo humomonyoka, nyumba hukandikwa upya, na mchoro wa mwaka jana hutoweka chini ya mkono wa mtu anayechora mwingine. Hilo kwa wenye nyumba halikuwa msiba. Pambo lilikuwa kazi ya kurudiwa, na kurudiwa kwake ndiko kulikoufanya ufundi uwe hai, kwa kuwa kila mara mtu alihitajika kuushika tena.

Karatasi ilikata mambo hayo yote kwa mara moja. Ilikuja na pande nne tayari. Tazama picha za Lubaki zilizobaki: baadhi yake zina mstari wa rangi uliozungushwa pembeni, kama mpaka, na ndani yake chui, ndege, mti, watu, vimewekwa juu ya nafasi nyeupe isiyo na ardhi wala mbingu. Wengi wameisifu ile nafasi tupu, na mimi pia naipenda sana. Inampa kila kiumbe uzito wake, na jicho halina pa kukimbilia. Lakini naiona kuwa ni jibu la fundi kwa tatizo jipya. Ukutani, nafasi inayozunguka mnyama ni nyumba yenyewe. Kwenye karatasi nyumba imeondoka, na Lubaki hakujaribu kuijaza kwa milima na mawingu ya kuigiza. Aliiacha iwe wazi, na pale alipotaka ukingo, aliuchora. Huo ni uamuzi wa msanii anayejua anachofanya, na ulifanywa na mtu ambaye hakuwa na mwalimu wa kumwonyesha namna ya kutumia karatasi.

Rangi nazo zilibadilika. Udongo una rangi za mahali pake. Rangi za maji za dukani zinaleta buluu na kijani ambazo udongo wa Bukama haukuwa nazo. Halafu likaja jina. Ukuta haukuhitaji jina, kwa sababu kila aliyepita alimjua aliyechora au aliweza kumuuliza jirani. Karatasi inayopanda meli kwenda Ulaya haina jirani wa kuulizwa. Hivyo jina "Lubaki" likaandikwa, na jina likawa sehemu ya picha.

Huko Brussels picha zilipokelewa na Gaston-Denys Périer, mtumishi wa Wizara ya Makoloni aliyeshughulika kwa moyo kuutetea usanii wa Kongo. Thiry alipeleka, Périer akatafuta ukumbi, waandishi na wanunuzi. Bila wawili hawa tusingekuwa na hata picha moja ya kuzungumzia leo, na hilo lazima lisemwe wazi. Lakini pia lazima tuone njia ilivyokuwa nyembamba: mtu mmoja Kongo, mtu mmoja Ubelgiji, na katikati karatasi zinazosafiri kwa reli na meli.

Kasai, mahali paitwapo Ibanshe, Thiry alikutana na mchoraji mwingine wa kuta, Tshyela Ntendu, ambaye Ulaya ilimjua kwa jina la Djilatendo. Huyu alikuwa fundi cherehani. Karatasi zake nyingi zimejaa miraba, pembe na mistari inayopokezana, na aliyewahi kuona nguo za rafia za Wakuba, watu wa Kasai, anaitambua familia yake mara moja. Mwaka 1931 kazi zake zilionyeshwa Brussels katika jumba la Le Centaure pamoja na za René Magritte na Paul Delvaux, wachoraji mashuhuri wa Ubelgiji. Mwaka huohuo ndipo kilipotoka kitabu cha hadithi za Badibanga kilichopambwa kwa picha zake. Fundi cherehani wa Kasai na Magritte katika ukumbi mmoja! Wachoraji wa Ulaya walikuwa wameshafika mahali ambapo picha isiyo na mtu wala mnyama ilikubalika kuwa sanaa kamili, na Djilatendo alifika akiwa nayo mkononi, ameirithi kutoka kwenye nguo na kuta. Walichokuwa wakikitafuta kwa hoja ndefu, kwao Kasai watu walikivaa.

Hapa napenda tuvuke hadi Paris, kwa kuwa miaka ni ileile na tukio ni la upande wa pili kabisa. Claude Monet alifariki Desemba 1926. Kwa miaka zaidi ya kumi alikuwa akichora maua ya maji ya bwawa lake kwenye vitambaa vikubwa vyenye kimo cha mita mbili, na akaitolea serikali ya Ufaransa kazi hiyo mara tu Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha. Yeye mwenyewe aliiita mapambo, mapambo makubwa. Mei 1927 ikafunguliwa katika jumba la Orangerie: vyumba viwili vya umbo la yai, picha zimegandishwa kwenye kuta zinazopinda, zikiwa zimeunganika kwa urefu unaokaribia mita mia. Huwezi kuinunua moja ukaenda nayo. Huwezi kuitoa ukutani bila kuiharibu. Inafuata umbo la chumba, mlango ulipo, mwanga unapoingilia.

Yaani katika mwaka mmoja, mchoraji mashuhuri kuliko wote wa Ufaransa alikuwa ametoka kwenye fremu akaenda ukutani, na mchoraji wa Bukama akatolewa ukutani akapelekwa kwenye karatasi. Wa kwanza aliiita kazi yake pambo na hakuna aliyemshusha cheo. Wa pili ilimbidi aache pambo ndipo aitwe msanii. Nimeufikiria mlinganisho huu kwa muda mrefu, na sioni namna ya kuueleza kwa ubora wa picha. Unaelezeka kwa jina. Monet aliingia ukutani jina lake likiwa limeshajengwa kwa miaka hamsini ya fremu, maonyesho na mauzo. Lubaki alikuwa na jina Bukama tu, na Bukama haikuwa na uwezo wa kulifikisha jina hilo Brussels isipokuwa kwa karatasi.

Mpaka kati ya mapambo na sanaa ya juu wenyewe haukushuka kutoka mbinguni. Huko Ufaransa mpaka huo una hata tarehe: mwaka 1648 wachoraji na wachongaji wa mfalme walianzisha chuo chao cha kifalme ili wajitoe mikononi mwa chama cha mafundi, chama kilichokuwa na mamlaka juu ya kila apakaye rangi, awe anachora mtakatifu au anapaka kibao cha duka. Kuanzia hapo waliobaki chamani wakawa mafundi, waliotoka wakawa wasanii. Karibu karne tatu baadaye, mwaka 1925, Paris ilifanya maonyesho makubwa ya kimataifa ya sanaa za mapambo, na mabishano juu ya nani ni nani yalikuwa yamefufuka upya. Thiry na Périer hawakuleta Kongo ukweli fulani wa milele. Walileta desturi ya kwao, tena wakati desturi hiyo yenyewe ilipokuwa ikitikisika.

Katika hadithi hii yuko mtu anayesahaulika mara kwa mara: Antoinette Lubaki, mke wa Albert. Naye alichora kwenye karatasi, na baadhi ya picha zina jina lake. Kazi zake na za mumewe zinafanana kwa pumzi, jambo ambalo halipaswi kumshangaza mtu. Walichora chini ya paa moja. Lakini wasimulizi wa kwanza walihitaji msanii mmoja, mwanamume, aliyegunduliwa na Mzungu mmoja, kwa kuwa hivyo ndivyo hadithi za wasanii zilivyosimuliwa Ulaya. Ukuta ungeweza kubeba mikono miwili bila shida. Jina moja chini ya karatasi haliwezi. Ndiyo maana nasema kubadilika kwa pambo kuwa sanaa kuliongeza kitu na kukapunguza kingine kwa wakati uleule, na mara nyingi kilichopunguzwa ni mkono wa mwanamke.

Kisha njia ikakatika. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 mawasiliano kati ya wachoraji na watu wao wa Ulaya yalikuwa yamekwisha, karatasi zikaacha kwenda na picha zikaacha kurudi. Hata mwaka wa kufariki kwa Albert Lubaki haukuingia kwenye vitabu. Mtu aliyetundikwa Brussels, Geneva na Paris akarudi kuwa mtu ambaye hakuna anayemwandika.

Kwa nini ilikatika kirahisi hivyo? Hapa ndipo naona fundisho kubwa la kisa chote kwa yeyote anayefanya kazi na wachoraji leo. Pambo la ukutani lilikuwa na mteja wake palepale: mwenye nyumba, majirani, wapita njia. Halikumtegemea mtu mwenye tiketi ya meli. Picha ya karatasi haikuwa na mteja hata mmoja Bukama. Haikuwa na mahali pa kutundikwa, haikuwa na mtu wa kuihitaji. Thamani yake yote ilikuwa ng'ambo. Wale wawili walipoacha, hapakuwa na kitu cha kuishikilia hapa nyumbani. Ni sawa na kuhamisha mche kwenye chungu kisha ukaondoka na kata ya maji.

Ndiyo sababu nayatazama kwa makini yaliyotokea baadaye mkoani Katanga, kwa kuwa swali hilohilo lilijibiwa tena mara mbili, kwa namna mbili tofauti.

Mara ya kwanza ni mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alipofungua karakana yake Elisabethville, iliyojulikana kama Le Hangar. Kwake walichora Bela, Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga. Aliwakataza kuiga Ulaya na akawahimiza kila mmoja atafute mkono wake. Bela alichora kwa ncha za vidole, Mwenze kwa mistari mifupi ya rangi iliyolazwa sambamba, Pilipili kwa nukta na vipande vidogo vinavyojaza kila sehemu ya picha, samaki na ndege na majani vikiwa vimefumana. Kuna wakosoaji waliozidharau picha hizo wakisema ni za mapambo tu, kwamba uso mzima umejazwa kama kitenge. Mimi naona hilo ndilo lililo na nguvu ndani yake. Pilipili alirudisha ndani ya fremu kile ambacho ukuta na nguo vilikuwa nacho tangu zamani, yaani uso usio na sehemu iliyolala. Hata hivyo wateja wengi walikuwa Wazungu wa mjini, na Romain-Desfossés alipofariki mwaka 1954 karakana ikaingizwa katika chuo cha sanaa cha mji huo. Tena mtu mmoja, tena mlango mmoja.

Mara ya pili hakuwepo mlezi yeyote. Katika miaka ya 1960 na 1970 wachoraji wa Lubumbashi na Likasi walichora kwenye magunia ya unga yaliyonyooshwa na kupakwa rangi, wakazunguka mitaani kuuza picha hizo kwa watu wenye kipato kidogo: wafanyakazi wa mgodini, makarani, walimu. Picha zilitundikwa sebuleni. Mamba-mtu wa mtoni (mwanamke mwenye mkia wa samaki), chui, mandhari ya kijiji, na ile picha iliyojulikana kama Colonie Belge, askari akimchapa mfungwa viboko mbele ya ofisa Mbelgiji. Zilikuwa pambo, kila mtu alizinunua ili chumba kipendeze. Zilikuwa pia kumbukumbu, na watu wenyewe walizizungumzia hivyo, kwa Kiswahili chao: picha ya kukumbusha. Mgeni akiketi, mwenye nyumba anamweleza.

Kati ya wachoraji hao yupo Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha Lubumbashi, historia nzima ya nchi yake katika picha 101, akizieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti. Picha hizo baadaye ziliishia katika makumbusho huko Amsterdam. Lakini Tshibumba alipokutana na Fabian alikuwa tayari anakula kwa jasho la brashi yake, akiuza kwa watu wa mtaa wake. Soko la sebuleni lilimtangulia mtafiti. Ukilinganisha na Lubaki, tofauti ni kubwa: hapa pambo halikulazimika kufa ili sanaa izaliwe. Picha ileile ilipendezesha ukuta wa mfanyakazi na ikabeba hoja nzito ya kisiasa, na mchoraji hakuona haja ya kuchagua.

Anayeona kwamba kutoka ukutani pekee kunatosha kupandisha cheo, na atazame Rwanda. Imigongo, ile michoro ya kuinuka ya samadi ya ng'ombe yenye mistari ya pembe na mizunguko, asili yake ni kuta za ndani za nyumba za Gisaka, mashariki mwa nchi. Nayo imetoka ukutani. Baada ya 1994 vyama vya wanawake kama kile cha Nyakarambi viliifufua kwenye vibao, na leo vibao hivyo vinapamba hoteli, ofisi na nyumba za watu. Ufundi wake ni mkali, usahihi wa mistari unatisha. Lakini mara nyingi kibao kinauzwa bila jina la aliyekitengeneza, na kwa hiyo hata kikipelekwa Ulaya kinawekwa katika rafu ya mapambo. Djilatendo na mwanamke wa Nyakarambi wanazungumza lugha moja ya mistari. Mmoja alining'inizwa karibu na Magritte, na sababu kubwa ni kwamba mtu fulani aliandika jina lake kwenye karatasi.

Lubaki amerudi sasa. Mwaka 2015 Fondation Cartier, taasisi ya sanaa ya Paris, ilifanya maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo, na yakaanzia kwake, kwa Antoinette na kwa Djilatendo. Mwaka 2022 picha za Antoinette zikawekwa katika maonyesho makuu ya Biennale ya Venice, tamasha la kimataifa la sanaa huko Italia, karibu karne moja baada ya kuchorwa. Nimefurahi, hasa kwa Antoinette. Lakini maonyesho ya Paris yalibeba miaka katika jina lake: 1926 hadi 2015. Maana yake uchoraji wa kisasa wa Kongo unahesabiwa tangu siku karatasi ilipofika.

Tarehe hiyo siikubali. Mwaka 1926 ni mwaka wa kuanza kuhifadhi, na ni mwaka muhimu kwa hilo. Kuchora kulikuwepo, na kulikuwa na umahiri uliokomaa kiasi kwamba mtu aliyepewa karatasi kwa mara ya kwanza aliweza kutoa kazi inayosimama ndani ya Palais des Beaux-Arts. Umahiri wa namna hiyo hauanzi siku unapopewa vifaa vya mtu mwingine. Ukisema sanaa ilianza 1926, umesema pia kwamba kila ukuta kabla ya hapo ulikuwa maandalizi, na kwamba waliokuwa wakiukandika na kuuchora upya kila baada ya mvua walikuwa wakisubiri kugunduliwa. Ningeandika kwenye maelezo ya maonyesho hivi: wachoraji wa kuta wa Katanga na Kasai, ambao kazi zao za kwanza kuhifadhiwa ni za mwaka 1926.

Na kwa kuwa nyumba za udongo bado zinachorwa, vibanda vya chakula bado vinachorwa samaki na kuku, na vinyozi bado wanamwita fundi apambe ukuta, kazi ya kufanya ipo na haihitaji mfadhili. Simu inatosha. Piga picha ukuta mzima, mlango ukionekana, ili umbo la nyumba lijulikane. Muulize fundi jina lake kamili na kama angependa liandikwe, alijifunza kwa nani, rangi amenunua au amechimba, na nani alimsaidia. Andika kijiji na mwaka. Ukiambiwa mke wake ndiye aliyejaza rangi, andika majina yote mawili.